Kitu cha Wenyewe Kilichoanguka Mudaka

Mimi ndiye niliyesema, "Ichunge vizuri, wenyewe watakuja." Naanza na hilo ili mtu asifikiri kwamba hasira yangu ni kwa wengine tu.

Ilikuwa asubuhi, siku ya kazi, na kibandani mwangu wanafunzi watatu walikuwa wanangoja. Kazi yangu ni kuchapa. Nina ordinatere moja, yaani kompyuta, masini ya kutoa karatasi na nyingine ya fotokopi, karibu na chuo kikuu kimoja hapa Bukavu, kwenye njia ile inayopanda. Wanafunzi wananiletea memwari zao za kumaliza masomo, zimeandikwa kwa mkono. Mimi nazichapa, nazitoa, nazishona, naziwekea ganda la plastiki. Pembeni nawauzia pia maji ya chupa. Sikusoma sana. Niliishia mwaka wa tatu wa sekondari. Lakini nimechapa sheria, nimechapa udaktari, kilimo na mambo ya benki, na kila kazi imeniachia kidogo kichwani, kama unga unaobaki kwenye mikono ya mtu anayesaga.

Aliyepiga simu ni yaya wangu, dada mkubwa ninayemfuata. Anaishi Mudaka. Analima, na siku za soko anauza sombe, yale majani ya mihogo, na maharagi na mihogo yenyewe. Mume wake yuko Luhwindja kwenye machimbo ya dhahabu, anakuja na kurudi, na zaidi anarudi kuliko anavyokuja. Watoto wanne wanakula kutoka shamba lile moja.

"Mudogo wangu," yaya akasema, "kuko kitu imeanguka mu shamba."

"Kitu gani?"

"Sijue. Imetoka juu. Imepiga kelele sawa ngurumo, na mvua hakuna. Iko ya muviringo, sawa ile sufuria ya bugali ya kilio."

"Si bombe?"

"Bombe inapasukaka. Hii imelala tu. Imenivunjia mihogo mistari mbili. Na iko na maandiko."

"Maandiko ya nini?"

"Mi nitayajulia wapi? Si Kifaransa. Iko maherufi na manamba, nusu imeungua."

Hapo nikakumbuka memwari moja. Miaka michache kabla ya siku hiyo, mwanafunzi wa sheria aliniletea kazi yake juu ya sheria za mataifa kuhusu anga la juu, kule kwenye satelite. Wenzake walimcheka pale pale kibandani: "Wee, njia ya Walungu inatushinda, uko unajifunza sheria ya mwezi?" Naye akacheka nao. Lakini mimi nilipoanza kuchapa, niliipenda. Kulikuwa na sentensi inayosema kwamba anga si la nchi moja, kazi zote za kule zifanywe kwa faida ya nchi zote, ziwe zimeendelea au hazijaendelea. Nilisimama kuchapa nikaisoma mara mbili. Nilifikiri: kumbe kuko watu walikaa wakatufikiria. Kulikuwa pia na nyingine, kwamba kitu kilichorushwa juu kinabaki mali ya mwenyewe hata kikianguka mwisho wa dunia. Anayekiokota atoe habari, kirudishwe. Na nchi iliyokirusha inajibu kwa hasara yote kinayofanya chini, hata kama haikukosea kitu. Hata kikiwa ni cha kampuni ya mtu, nchi yake ndiyo inajibu.

Basi kwenye simu nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Wanafunzi walikuwa wananisikia, na sitaficha kwamba nilipenda wanisikie.

"Yaya, usiitupe. Usiwauzishie watu wa vyuma. Ichunge vizuri, wenyewe watakuja. Ni sheria ya dunia nzima."

"Ya dunia nzima?"

"Dunia nzima."

"Sawa. Nitaichunga."

Kwetu kitu cha mwenzio hakirudi na uchafu. Ukiazima sufuria ya jirani, inarudi bila masizi, hata yale masizi iliyokuja nayo. Ukiirudisha nyeusi, utasemwa kisimani mpaka watoto wako waoe. Mama yetu alitulea hivyo na yaya ndiye aliyeshika kuliko sisi wote. Akakibeba kile kitu mpaka nyuma ya jiko. Akaomba jivu kwa jirani kwa sababu la kwake halikutosha. Akakisugua kwa jivu, kwa mchanga na kwa majani makavu ya mgomba, siku mbili. Juu yake kilikuwa na kitu kama nyuzi nyeusi zilizoungua, zimekizunguka sana. Akazibandua zote kwa vidole. Chini yake chuma kikatoka cheupe, kinang'aa.

Nilifika siku ya Mungu, baada ya misa. Alikuwa amekiweka kwenye majani mabichi ya mgomba, mlangoni mwa jiko, kama mtoto anayengojea ubatizo.

"Si iko muzuri?" akaniuliza.

Nikasema, "Iko muzuri." Naapa nilisema hivyo. Ilipita muda ndipo nikauliza, "Na yale maandiko?"

"Yalikuwa masizi tu, ya kuungua. Yametoka na jivu."

Hata hapo sikuelewa vizuri tulichofanya. Nilikula bugali yake, nikarudi Bukavu.

Sasa nieleze ubaya ulivyoanza, na nitajaribu kutenganisha nililoliona na nililoambiwa. Jirani mmoja wa yaya, mama aliyekuja kutazama siku ya kwanza, alisema kitu kile kilikuwa na harufu kali kama mikojo ya mbuzi. Yaya anasema harufu ilikuwepo, lakini kidogo. Mimi sikuinusa. Juma lile lile mbuzi wa mama yule akafa. Nimeuliza watu watatu, na wawili wameniambia mbuzi alikuwa anaharisha toka zamani. Lakini alikuwa amekula majani kwenye mpaka wa shamba la yaya, na hilo pia ni kweli. Basi maneno yakaanza: kile kitu kina sumu, na udongo umeinywa.

Na mimi ndipo nikakumbuka ukurasa mwingine wa ile memwari, unaosema kwamba vyombo vingine vya anga vina mafuta yenye sumu ndani. Niliuchapa kwa vidole hivi. Siku ya simu nilikumbuka zile sentensi nzuri, ule ukurasa sikuukumbuka.

Soko lililofuata yaya alipanga mafungu yake ya sombe kama kawaida. Hakuna aliyesimama. Wamama walipita wakitazama pembeni, na mmoja, anayejulikana kwa mdomo, akasema kwa nguvu:

"Maman Satelite! Hii sombe yako inashika rezo ya simu?"

Soko likacheka. Yaya akajibu, "Inashika. Kula, utaongea na bwana yako kule alikokimbilia." Wakacheka tena, safari hii upande wake. Lakini hakuna aliyenunua. Jioni alirudi na sombe yote, imenyauka, na hakujua kama awape watoto ama aitupe. Aliitupa. Kesho yake watoto walikula mihogo ya shamba lile lile, kwa sababu hakukuwa na kingine.

Aliniambia kwenye simu: "Mudogo, sitafuti kitu kikubwa. Nataka mutu mumoja aniambie mulikuwa nini ndani. Kama ni sumu, nijue, nihamishe watoto. Kama si sumu, anipe karatasi niionyeshe soko."

Ndiyo yote aliyotaka. Na mtu pekee anayeweza kujua mlikuwa nini ndani ni aliyekitengeneza.

Nilimtafuta yule mwanafunzi wa zamani. Sasa amekuwa asistanti, anafundisha pale pale. Nilimkuta kwenye ngazi, nikamweleza kila kitu. Macho yake yalianza kuwaka. Nafikiri hakuwahi kuota kwamba memwari yake itaanguka Mudaka.

"Maman, na maandiko yalisema nini? Uko na foto?"

"Yaya iko na simu ya kubofya. Foto haina."

"Bon, tutaenda kuyasoma penyewe."

"Asistanti, aliisafisha."

"Aliisafisha namna gani?"

"Na jivu. Na mchanga. Yalitoka yote."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akaanza kucheka, akajizuia, akaniomba msamaha. Nilitaka kumpiga na mkoba. Akakaa kwenye ngazi akaeleza pole pole. Bila namba zile, kila nchi yenye vyombo juu inaweza kusema si chetu. Wataalamu wanaweza kukijua chuma chenyewe, wanaweza pia kulinganisha saa kilipoanguka na njia za vyombo kule juu, lakini nani awaite?

"Yaya wangu awaite," nikasema. "Shamba ni lake."

"Hapana, maman. Ile sheria mutu haiingie. Inaongea nchi na nchi. Serikali yako ndiyo inaulizia serikali yao, kupitia mabalozi."

"Serikali yangu gani?"

Yeyote anayeishi hapa anajua kwa nini niliuliza hivyo. Tangu mji ulipobadilisha wakubwa, tuna wale wanaokaa kwenye maofisi, na tuna wale wanaotambuliwa na dunia lakini wako mbali. Akatazama juu na chini ya ngazi.

"Swali hiyo usiiulize hapa kwa sauti," akasema.

Hapo hasira ilinipanda, na ilimpata yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Nikamwambia, ulinichapisha uongo. Ulinichapisha kwamba anga ni la watu wote. Wanarusha vyuma vyao juu ya vichwa vyetu bila kutuuliza, wanajua vitaanguka, wameandika wenyewe kwamba vitaanguka, na mtu aliyeangukiwa hana mlango wa kupiga hodi!

Akaniacha nimalize. Kisha akasema jambo ambalo bado linanichoma, kwa sababu ni kweli.

"Maman, zile chupa za plastiki za maji mnazouza kwa wanafunzi, zinaenda wapi?"

Zinaenda kwenye mtaro. Mvua inazisukuma ziwani, ziwa linazisukuma mpaka kwenye barazi ya Ruzizi, lile bwawa la umeme, zinajaa pale mpaka masini zinashindwa, na umeme unakatika kibandani mwangu. Nawaona wale wanaozitoa kwa mitumbwi. Sijawahi kwenda kuwaomba msamaha.

"Kule juu ni vile vile," akasema. "Kila mutu alitupa kwa kuwaza kama nafasi ni kubwa. Sasa vinagongana, vinavunjika, vinakuwa vingi zaidi. Sheria iliandikwa wakati vyombo vilikuwa vichache."

Sawa. Nakubali. Na nitaongeza nyingine: kwenye bati la jirani yangu kuna sahani nyeupe inayovuta intaneti kutoka juu, na kwa intaneti hiyo natuma kazi za wanafunzi. Nakula kutoka huko huko. Lakini chupa zangu naziona, na mtu wa barazi akitaka kunitukana anajua njia ya kibanda changu. Hapo ndipo nabaki, na kama nakosea nionyeshwe.

Tuliandika barua. Yeye alisema, mimi nilichapa. Ilikuwa nzuri, ya kurasa mbili, na yaya aliweka kidole gumba chini ingawa anajua kuandika jina lake. Alisema kidole kina uzito zaidi. Asistanti alituma nakala kwa ofisi moja ya kimataifa. Walijibu upesi, na kwa heshima, lazima niseme: wanasikitika, wanapokea maombi kutoka kwa nchi tu. Nakala nyingine ilienda kwa rafiki yake anayefanya kazi katika ofisi moja Kinshasa. Huyo alijibu baadaye kwamba barua inahitaji kashe, ule muhuri wa jimbo. Asistanti akamwuliza, kashe ipi? Akajibu: si ile iliyoko Bukavu leo, hiyo haitambuliwi. Ile nyingine imehama na wenyewe, na hakujua siku hiyo wako wapi.

Nikaamua kwenda mwenyewe kwa wale walioko maofisini. Asistanti alinikataza. Sikumsikia, na hili ni kosa langu la pili.

Ofisa alinipokea vizuri. Sitamsemea uongo. Alisimama, akanipa kiti, akaniita maman. Alisoma barua mpaka mwisho, jambo ambalo wakubwa wa zamani hawakuwahi kunifanyia.

"Kitu iko wapi?"

"Kwa yaya yangu, Mudaka."

"Tangu lini?"

"Inafika mwezi na nusu."

"Na mulificha kwa nini?"

"Hatukuficha, papa. Iko mlangoni mwa jiko. Kijiji kizima imekuja kuiona. Hata shefu wa kijiji alipiga nayo foto ilipokwisha kung'aa, amevaa koti."

Akatabasamu kidogo. Kisha akaweka barua kando.

"Hii ya kuandikia Kinshasa hatuwezi kuipiga kashe. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Lakini kitu yenyewe ni mambo ya usalama. Tutaichukua."

Walifika Mudaka siku mbili baadaye na pikapu. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia yaya, kwa hiyo hili nililiona. Wanaume wanne waliingia uani, na ofisa wangu nyuma yao. Wawili walivaa glavu nene, na yaya alikisugua siku mbili kwa mikono mitupu. Alikuwa amesimama pale mikono ameikunja nyuma, kama anaificha.

"Ninyi ndiyo wenyewe?" akawauliza.

"Wenyewe wa nini, maman?"

"Wa kitu. Niliambiwa wenyewe watakuja."

Wakaangaliana. Mmoja akacheka. Yaya hakunitazama. Ingekuwa afadhali angenitazama.

Wakakipakia. Nikamsogelea ofisa. "Papa, na udongo? Nani atakuja kuupima?"

"Maman, sisi tunachukua kitu. Udongo ni wenu."

"Basi tupe hata karatasi, kwamba mumekichukua."

"Karatasi ya nini? Kitu si yenu."

Na hakukosea! Hicho ndicho kinachoniua. Hakikuwa chetu. Nilichapa mimi mwenyewe kwamba kinabaki cha mwenyewe. Kilipovunja mihogo kilikuwa cha mwenyewe, kilipotoa harufu kilikuwa cha mwenyewe, kilipoondoka kwenye pikapu kilikuwa cha mwenyewe. Sisi tulipata udongo.

Pikapu ikashuka na njia. Mpaka leo hatujui kilikoenda. Asistanti anasema labda kimeuzwa, labda kiko kwenye ghala. Sina ushahidi wa lolote, basi naandika kwamba sijui.

Nilikaa na yaya kwenye ngazi ya jiko. Nilijaribu kusema pole. Nilimwambia kosa ni langu, nilijifanya najua. Akaniambia, "Nyamaza. Wewe ulisoma. Mimi nikasugua." Sikujua kama ni msamaha ama ni tusi. Kisha akanionyesha vidole vyake. Ngozi ya ncha ilikuwa imebanduka kidogo. Inaweza kuwa jivu. Jivu linakula ngozi, kila mama anayefua nalo anajua. Inaweza kuwa jivu.

Nilizunguka Bukavu nikitafuta wa kupima udongo. Kwenye chuo kimoja, mwalimu wa kilimo alinisikiliza, akasema wanapima kama udongo una chumvi, kama una mbolea. Sumu ya roketi? Alicheka kwa huzuni. "Maman, lazima nijue jina ya sumu ninayotafuta. Waulize wenye kitu." Nilikuwa nimefunga udongo wa yaya ndani ya mfuko, nimeubeba kutoka Mudaka juu ya mapaja. Nilitoka nao. Nilisimama barabarani, sikujua mtu anautupa wapi udongo kama huo, na nikarudi nao nyumbani. Uko chini ya meza ya ordinatere.

Na hasira yangu haipungui. Inakuwa mbaya zaidi ninapokuwa mwadilifu. Nikimhesabia kila mtu haki yake, asistanti alisema kweli, ofisi ya kimataifa ilifuata kanuni, mtu wa Kinshasa alifuata kanuni, ofisa alinipa kiti, mwalimu hana masini. Waliorusha, labda walipiga hesabu zao wakaona kitaanguka baharini, na hawajui hata kwamba yaya wangu yuko duniani. Hakuna mbaya hata mmoja. Na watoto wanne wanakula mihogo, na hakuna anayeweza kuwaambia kama ni chakula.

Yaya hakunishauri kabla ya kufanya alichofanya. Aliniambia tu, "Njoo Mudaka siku ya soko, uje mapema."

Nilimkuta mahali pake pa kila siku. Hakuwa amepanga mafungu tu. Alikuwa amekuja na mbabula, makaa yamewaka, na juu yake sufuria. Sombe ilikuwa inachemka humo, na kando bugali imefunikwa. Majani ya sombe yalikuwa yametoka shambani mwake, upande ule ule kilipoanguka kitu. Alikuwa ameyatwanga pale sokoni, mbele ya watu, ili asiyetaka kuamini aone yametoka kwenye kikapu gani.

Wamama wakaanza kusimama. Hakuna aliyenunua kitu, lakini walisimama.

"Maman Satelite leo ameleta resitora!"

"Wee, jitenge, isije ikapasuka."

Yaya akajipakulia. Akakaa kwenye kiti chake kidogo, akaukata ugali, akachovya, akala. Alikula kama mtu mwenye njaa, na nafikiri alikuwa nayo. Alipofika katikati akasema, bila kuinua kichwa:

"Mi sina karatasi. Nimetafuta karatasi, wamenichosha. Muniangalie mimi."

Kelele zikapungua. Mama yule wa mbuzi alikuwepo, nilimwona, ameweka mkono mdomoni.

Kisha yaya akanisogezea sahani ya pili. Sikujua alikuwa ameileta kwa ajili yangu.

"Mudogo wangu wa Bukavu," akasema, sasa kwa sauti ya soko zima, "huyu anajua sheria ya dunia nzima. Kula."

Nilitazama sombe. Ilikuwa na harufu nzuri, ya mafuta ya mawese na kitunguu. Nilifikiria ule ukurasa. Nilifikiria glavu. Nilifikiria pia kwamba nikikataa, nimelifunga shamba lile kwa mdomo wangu mbele ya wateja wake wote, na hakuna ofisi itakayolifungua. Nilimega mara moja, nikameza. Nikamega tena. Sitasema nilikula kwa imani. Nilikula kwa aibu, na macho yalinitoka machozi ya hasira, na mama mmoja akasema, "Muone, pilipili imemupata," na watu wakacheka.

Nilimchukia kila mtu saa hiyo. Niliwachukia walioko juu na vyombo vyao, na waliokaa wakaandika maneno mazuri, na zile kashe mbili zisizojuana, na mimi mwenyewe. Kwamba mwanamke ajipime sumu kwa tumbo lake, sokoni, akichekwa, kwa sababu hiyo ndiyo maabara pekee aliyo nayo. Na kwamba jibu la tumbo si jibu. Sumu nyingine inangoja. Yaya anajua hilo. Nilimwambia mwenyewe.

Alimaliza sahani yake. Yule mwenye mdomo, aliyeanzisha jina la Satelite, akasogea karibu, akainama, akageuza fungu moja la sombe, akalinusa, akalirudisha.

"Leo sinunue," akasema. "Lakini mwezi wa kesho, kama uko muzima, niwekee mafungu mbili."

"Nakuwekea," yaya akasema.